Jedwali la saba kwa misumari kumi na uzi

Watoto ninaowafundisha hapa Lamu husoma jedwali la kuzidisha la mbili hadi la tano kwa mpigo. Wakifika la saba, sauti hufifia. Siku hizi siwakaririshi kwanza. Nawapa ubao, misumari na uzi.

Hatua ya 1. Tafuta kipande cha ubao. Kwa mafundi wa majahazi kule Matondoni mabaki hayakosekani. Fudikiza sahani, uzungushe penseli upate duara, kisha pigilia misumari kumi ukingoni, digrii 36 kutoka mmoja hadi mwenziwe. Juu kabisa andika 0, kisha endelea kuliani hadi 9.

Hatua ya 2. Anza na jedwali la tatu. Mtoto afunge uzi kwenye 0, asome jedwali kwa sauti, na kila jibu afuate tarakimu ya mwisho tu: 3, 6, 9, kumi na mbili aende 2, kumi na tano aende 5, mpaka thelathini imrudishe 0. Usimwambie kitakachotokea. Ataona mwenyewe nyota ya ncha kumi.

Hatua ya 3. Sasa la saba, kwa uzi wa rangi nyingine: 7, 4, 1, 8, 5, 2, 9, 6, 3, 0. Ni nyota ile ile! Usipite hapa haraka. Mwambie atembeze kidole misumari saba mbele kutoka 0, kisha mitatu nyuma kutoka hapo hapo 0. Vidole hukutana. Lile jedwali alilokuwa akiliogopa ni la tatu likirudi kinyumenyume.

Hatua ya 4. Mwache ajaribu mengine. La nne na la sita hutoa nyota ya ncha tano, misumari ya witiri ikabaki mitupu. La mbili na la nane, pembetano. La tano ni mstari mmoja tu.

Hatua ya 5. Duara halionyeshi makumi, kwa hiyo chora mkeka wa miraba: safu saba, kila safu miraba minane. Piga mstari chini ya safu ya tano. Juu kuna 40, chini 16; jumla 56. Akijibu 54, usimsahihishe. Mrudishe kwenye misumari, ahesabu vituo vinane vya saba, aone uzi umesimama wapi.