Namna ya kuvuta dawa ya pumu kwa pampu na chupa badala ya mashine

Kabla ya mwaka 2020, mgonjwa wa pumu aliyefika hospitalini akitweta mara nyingi aliwekewa mashine ya nebulaiza, inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. UVIKO-19 ulipoenea, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, ulishauri mashine hiyo iepukwe kila inapowezekana, kwa kuwa ukungu wake unaweza kusambaza virusi kwa wauguzi na wagonjwa wa jirani, na salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, itolewe kwa pampu iliyounganishwa na chemba, yaani chombo cha plastiki kinachoshika dawa kabla ya kuvutwa. Mgonjwa hakupunjika: shambulio lisipokuwa la kutishia maisha, njia hiyo hufungua njia za hewa sawasawa na mashine, tena bila umeme.

Usipoweza kununua chemba, tumia chupa ya plastiki ya mililita 500, ambayo watafiti wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Chora mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, toboa kwa waya wa moto ukiufuata mchoro, kisha hakikisha pampu inabana bila kuvujisha hewa. Ioshe chupa kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuisuuza wala kuifuta, kwani utando wa sabuni huzuia umeme tuli unaonasa dawa kwenye plastiki.

Tikisa pampu, ipachike, toa pumzi, bana mdomo wa chupa kwa midomo yako, bonyeza mara moja tu, kisha vuta pumzi polepole na uibane kwa sekunde 10. Mtoto apumue kwa kawaida ndani ya chupa mara tano hivi. Kubonyeza mara mbili mfululizo, kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, hupoteza dawa, hivyo tikisa upya kila mara.

Dawa ya kinga yenye steroidi, ambayo baadhi ya wagonjwa waliiogopa wakati wa janga, isiachwe bila ushauri wa daktari; sukutua na kutema maji kila baada ya kuivuta.

Chupa isitumiwe na watu wawili. Ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au nafuu isipodumu saa tatu, nenda hospitalini mara moja ukiwa na pampu na chupa yako, ukiendelea kuvuta dawa njiani.