Kuchagua Viatu vya Baridi Visivyoumiza Kisigino kwa Wakazi wa Tanga Wanaopanda Lushoto

Kwa mkazi wa Tanga mjini, baridi si jambo la kumshughulisha miguuni, kwani hata mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma, kandambili au makubadhi humtosha tangu asubuhi hadi usiku. Mambo hubadilika anapohamishiwa kazi Lushoto, au anapoanza kufuata mboga na matunda huko milimani kwa ajili ya biashara. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti asubuhi zake huwa na ukungu na ubaridi mkali, kwenye njia ambazo nyingi ni za kupanda na kushuka. Mgeni wa huko kwa kawaida hununua buti la kwanza analoliona kuwa nene na lenye joto, na baada ya majuma machache huanza kulalamika kwamba kisigino kinamchoma kila anapoteremka kitandani.

Maumivu hayo mara nyingi hutokana na utando mgumu unaoanzia chini ya mfupa wa kisigino na kutandaa hadi kwenye mizizi ya vidole, ukiushikilia upinde wa unyayo. Utando huo ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, huumia pale uliposhikana na mfupa, na kwa kuwa hukaza wakati wa usingizi, hatua za kwanza za asubuhi ndizo zinazouma zaidi. Walio katika hatari zaidi ni watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, wenye uzito mkubwa, wanaosimama kutwa juu ya saruji, na wale walioongeza mwendo ghafla, jambo ambalo humpata karibu kila mtu wa pwani anayeanza kuishi milimani. Joto la kiatu peke yake halizuii hayo. Kinachosaidia ni namna kiatu kilivyoundwa.

Ukiwa dukani, anza na sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino. Ibane kwa vidole: ikilala kama kitambaa, kiatu hicho hakitakishika kisigino chako kwenye mteremko. Kisha kikunje kiatu. Kinapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia, wala si katikati, chini ya upinde wa unyayo. Mwisho, kishike mbele na nyuma ukikamue kama unavyokamua nguo, nacho kiwe kigumu kujipinda. Kisigino cha kiatu kiinuke kidogo kuliko sehemu ya mbele, kiasi cha sentimita 1 hadi 3, kwa sababu soli iliyo bapa kabisa huuongezea utando mvuto, na kiatu kirefu cha mchuchumio hakifai kwa njia za namna hiyo.

Suala la mitumba linahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakopata mabuti ya baridi kwa bei tunayoimudu. Buti lililotoka Ulaya laweza kuwa na ngozi safi inayong'aa, ilhali sponji la soli yake limekwisha kufa. Sponji la aina ya poliyurethani huharibiwa na unyevu na joto hata kama kiatu hakikuvaliwa, na hewa ya pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi. Ndiyo maana mtu hununua buti zuri, akatembea siku mbili tu, na soli ikamomonyoka vipande vipande. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Sponji zima hubonyea na kurudi. Lililochoka huwa gumu, hubaki na alama, au hutoa unga na mipasuko midogo. Viweke pia viatu vyote viwili juu ya meza uvitazame kwa nyuma, na kimoja kikiegemea upande, viache hata muuzaji akipunguza bei. Kumbuka vilevile kwamba sponji huwa gumu zaidi kwenye baridi, hivyo kiatu unachokiona kigumu kidogo ukiwa Ngamiani, hapo Tanga mjini, mchana kitakuwa kigumu zaidi alfajiri ya Lushoto.

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kidogo, ukiwa umevaa soksi zilezile utakazozitumia. Soksi za sufu ni bora kuliko za pamba, ambazo zikilowa jasho hukaa na maji na kuupoza mguu. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Miguu iliyozoea kandambili kwa kawaida huwa mipana mbele, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba buti linalobana litaachia lenyewe.

Mabuti ya mvua ya mpira yanafaa shambani, lakini mengi ni bapa na yanapwaya. Yatie soli ya ndani yenye kikombe cha kisigino, au mwombe fundi viatu akukatie inayokutosha. Buti likilowa, lijaze magazeti na uliweke penye hewa, mbali na jiko la mkaa, kwani moto huikakamaza ngozi na kuilegeza gundi.

Vaa viatu vipya nyumbani saa chache kila siku kabla ya kusafiri, na uuzoeze mguu kwa kusimama ukiuelekea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini, hadi shavu la mguu linyooke kwa sekunde 30. Ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, yameanza baada ya kuanguka, au yanaambatana na ganzi au uvimbe, nenda hospitali. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo: kidonda chochote kilichotokana na kiatu akionyeshe kwa daktari siku hiyohiyo.