Nibu bapa kwenye kalamu ya bei nafuu: jinsi ya kuianza na kuizoea

Kazi yangu hapa Lamu ni kuandika kadi za harusi na vyeti vya chuoni, na mara kwa mara mtu huniuliza ni kalamu gani mbili nilizotumia, ile nene na ile nyembamba. Kalamu ni moja, tena ya bei ya chini. Tofauti iko kwenye nibu, ile ncha ya chuma inayogusa karatasi. Kalamu nyingi za wino zina nibu yenye ncha ya duara, lakini nibu ya italiki imekatwa bapa. Ukiivuta upande mmoja hutoa mstari mnene, ukiivuta upande mwingine hutoa mwembamba, na wewe hukukandamiza chochote. Kwetu jambo hili si geni. Kalamu ya tete nayo huchongwa bapa, na misahafu iliyoandikwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19 ni kazi ya mikono iliyoijua vizuri ncha ya namna hiyo. Aliyewahi kushika tete ataizoea nibu hii upesi. Asiyewahi kuishika ataizoea pia, akifuata hatua hizi bila pupa.

Hatua ya 1: Chagua kalamu

Usianze na kalamu ya gharama. Ziko tatu ninazoweza kumshauri mtu bila wasiwasi. Pilot Metropolitan ina mwili wa shaba, mzito kidogo mkononi. Tafuta ile yenye nibu iliyoandikwa CM, ambayo upana wake unakaribia milimita 1. Pilot Plumix ni ya plastiki na ni rahisi zaidi, na nibu yake huweza kuchomolewa ikatiwa kwenye Metropolitan. Ya tatu ni Lamy Safari ya Ujerumani, yenye nibu za milimita 1.1, 1.5 na 1.9 zinazouzwa pia peke yake.

Kwa anayeanza, mimi ningechukua Safari ya 1.1. Pale pa kushikia pamekatwa pembetatu, vidole vinakaa mahali pake, na kalamu haizunguki ovyo mkononi. Utaona kwenye hatua ya 4 kwa nini hilo ni kubwa. Nibu ya CM huteleza kwa ulaini zaidi, na ukishazoea pembe huenda ukaipenda kuliko Safari.

Achana kwanza na 1.5 na 1.9. Mistari ya daftari la kawaida haizitoshi, na herufi kama a na e huziba matumbo. Pilot Parallel, inayoanzia 1.5 hadi 6.0, naitumia kwa majina makubwa juu ya kadi, lakini si ya kuandikia barua.

Ukiagiza kutoka Nairobi au Mombasa, uliza kama konveta imo ndani, yaani kile kijibomba cha kunyonyea wino kutoka kwenye chupa. Safari mara nyingi huja na katriji tu, yaani kijibomba kilichokwisha kujazwa wino. Ni afadhali uulize mapema, kuliko kifurushi kifike Mokowe kwa basi, kivushwe kwa boti, halafu ugundue chupa yako ya wino haina kazi.

Hatua ya 2: Ioshe

Kalamu mpya huwa na mabaki ya mafuta ya kiwandani, na mafuta hukataa wino. Tia tone la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nyonya na utoe kwa konveta mpaka uridhike, kisha suuza kwa maji matupu. Yawe maji ya mvua au ya kunywa. Maji ya kisima yenye chumvi yakikauka ndani huacha ukoko. Maji ya moto usitumie.

Hatua ya 3: Wino

Nunua wino wa kalamu za wino tu. Parker Quink na Pelikan 4001 ni za kuaminika na hazina bei ya kutisha. Kwa nibu bapa napendelea Pelikan, kwa kuwa wino wake hautiririki sana, na mstari mwembamba unabaki mwembamba kweli. Wino unaomwagika kwa wingi hunenepesha kila kitu, ukapoteza kile ulichokinunulia nibu.

Wino wa masizi na gundi unaotumiwa na tete usiutie humu hata kidogo, wala wino wa India wa wachoraji, wala wa mihuri. Chini ya nibu kuna ulimi mweusi wa plastiki wenye mfereji mwembamba sana wa kupitishia wino. Masizi na gundi vikikauka mle, kalamu imekwisha.

Kujaza: zamisha nibu yote mpaka ulimi ufunikwe, nyonya, rudisha matone mawili matatu chupani, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Hatua ya 4: Pembe

Hapa ndipo kalamu hii inapopendwa au kutupwa, kwa hiyo usiende haraka.

Laza karatasi mshazari kidogo, kona za juu zikielekea kushoto ikiwa unaandikia mkono wa kulia. Weka ukingo wote wa nibu juu ya karatasi, kona zake mbili zikigusa kwa pamoja. Ukingo huo uwe kama mstari unaopanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, kwa digrii 45 na mstari wa daftari. Sasa ifunge pembe hiyo. Mkono utembee, kalamu isizunguke.

Vuta kwenda kulia juu: utapata mstari mwembamba kama uzi. Vuta kwenda kulia chini: utapata upana wote wa nibu. Unganisha hizo mbili upate msumeno, meno kumi hivi, moja nyembamba moja nene. Kisha chora alama ya kujumlisha. Ikiwa mkono wake wa wima na wa mlalo vina unene uleule, uko kwenye digrii 45. Wa wima ukiwa mnene zaidi, nibu umeilaza mno. Wa mlalo ukiwa mnene zaidi, umeisimamisha mno. Kipimo hiki nakifanya hata leo pembezoni mwa karatasi kabla ya kugusa kadi ya mtu.

Ukiona nibu inakwaruza, usiilaumu kwanza. Utazame mstari wenyewe kwa karibu. Ukingo mmoja ukiwa safi na wa pili una meno, ina maana kona moja imeinuka hewani, na upande wenye meno ndio ulioinuka. Izungushe kalamu kidole kwa kidole, kiasi kidogo mno, mpaka kingo zote mbili ziwe safi. Sauti nayo itabadilika, mkwaruzo ugeuke kuwa mnong'ono. Hapo ndipo nilipoipenda kalamu hii, na ndipo wanafunzi wangu nao hunyamaza wakaendelea kuandika.

Wala usikandamize. Nibu hizi ni za chuma kigumu, hazikuumbwa zipinde. Ukizibana, vipande vyake viwili vinaachana na wino unakatika katikati ya mstari. Uzito wa kalamu yenyewe unatosha.

Waliozoea tete waangalie jambo moja: tete huchongwa mshazari, nayo nibu hii imekatwa sawa. Mshazari ule uliokuwa kwenye kalamu sasa utoke kwenye kifundo cha mkono. Anayeandikia mkono wa kushoto aizungushe karatasi sana kwenda kulia, na mkono wake ukae chini ya mstari.

Hatua ya 5: Herufi

Mwandiko wa italiki ulianza Italia katika karne ya 15, na kanuni yake ya vipimo ni rahisi: urefu wa herufi kama n au a ni upana wa nibu mara 5. Kwa nibu ya 1.1 ni milimita 5.5. Kwa mazoezi natumia daftari la hesabu lenye vijimraba, napiga mistari yangu kwa penseli. Ukija kuandika barua za kila siku, upana mara 4 unatosha.

Anza na i, n, m na u. Herufi n haijengwi kwa vijiti viwili vilivyoegemeana. Shuka na kijiti cha kwanza, na bila kuinua kalamu panda kwa mstari mwembamba kutoka chini kabisa, tokea katikati ya kijiti, pinda, shuka tena. Ile pembe nyembamba inayochomoza katikati ndiyo roho ya italiki. Ikikosekana, mwandiko unakuwa wa kawaida tu hata kwa nibu nzuri. U ni n iliyopinduliwa. Andika mimi, nini, ini, muumini. Kiswahili kimejaa herufi hizi, na nafasi kati ya vijiti ikilingana, neno lote linatulia jichoni. Herufi za duara, a, d, g na q, zije baadaye, zote kwa umbo moja. Herufi kubwa ziache mpaka mwisho.

Hatua ya 6: Karatasi

Nibu bapa hutoa wino mwingi, na karatasi duni huunywa ukasambaa kama mizizi. Unyevu wa huku kwetu huongeza balaa, hasa wakati wa masika. Karatasi zangu nazifungia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya bati lenye kifuniko, natoa ninazohitaji tu. Kabla ya kununua bunda, omba karatasi moja, andika mistari michache, igeuze. Karatasi za fotokopi za gramu 80 hutofautiana sana, na ile iliyo nyororo zaidi kwenye kidole kwa kawaida ndiyo itakayofaa.

Hatua ya 7: Matunzo

Funika kalamu kila unapoiweka chini, maana upepo wa kaskazi huikausha upesi. Ioshe unapobadilisha rangi, na kila mwezi hivi ukiitumia daima. Ukiiacha muda mrefu, iache tupu. Ukipanda ndege uwanja wetu wa Manda, iwe imejaa kabisa au haina kitu, nibu ikitazama juu, kwa sababu hewa iliyomo ndani hutanuka ndege ikipaa, ikausukuma wino nje.

Ikianguka kwa nibu, usijaribu kuinyoosha kwa koleo. Ya Safari huweza kutolewa: bandika kipande cha selotepu juu ya nibu, ishike pamoja na selotepu, ivute moja kwa moja mbele, kisha sukuma mpya mahali pake mpaka ikwame.