Taa za Ukungu: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujapanda Limuru

Juni hadi Agosti, barabara ya Nairobi kwenda Nakuru hufunikwa na ukungu kuanzia Limuru, kupitia Kimende na Kinale hadi Soko Mjinga, hasa alfajiri na usiku. Hali ni hiyohiyo Timboroa, na kwa walio Tanzania, Njombe na milima ya Uporoto kati ya Mbeya na Tukuyu. Matayarisho hufanywa nyumbani, mchana, gari likiwa limesimama. Ukishaingia ndani ya ukungu, huo si wakati wa kutafuta swichi.

Safisha kioo cha mbele, ndani na nje. Badilisha waipa zinazoacha michirizi. Jua namna ya kuondoa mvuke ndani ya gari: washa eisii pamoja na joto, na ufungulie hewa ya nje. Wapo wanaodhani ukungu umezidi kumbe ni pumzi zao kwenye kioo.

Kisha hakikisha kwamba taa za ukungu unazo kweli. Kwenye dashibodi alama ya taa za mbele ni ya kijani, miale yake inaelekea kushoto na kuinama. Ya nyuma ni ya rangi ya chungwa, miale inaelekea kulia. Zote mbili zina mstari wa mawimbi unaokata miale hiyo. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, ambako taa ya ukungu ya nyuma si lazima kisheria, kwa hiyo mengi hayana. Hata mbele, pale kwenye bampa panapoonekana kama mahali pa taa huenda kuna kifuniko cha plastiki tu. Na kile kidude chekundu kwenye bampa la nyuma mara nyingi ni kiakisi kisicho na balbu. Chungulia kwa chini: kama hakuna waya unaoingia, hiyo si taa.

Elewa pia taa hizi zinafanya nini. Ukungu ni matone madogo ya maji yanayoelea. Ukiwasha fulu, yaani taa kubwa za mwanga wa mbali, mwanga unayapiga matone yaliyo mbele ya macho yako na kukurudia, nawe unaona ukuta mweupe. Taa ya ukungu hufungwa chini, na mwanga wake ni mpana, bapa, umekatwa juu kwa mstari mkali. Unapita chini ya macho yako na kuonyesha kingo za barabara na mstari wa pembeni. Hauonyeshi mbali, na haukuundwa kuonyesha mbali. Kuhusu rangi, anayekuambia ya njano inapenya ukungu anakuuzia balbu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kiasi kwamba hutawanya rangi zote karibu sawa. Njano huwapunguzia baadhi ya watu mng'ao machoni, lakini mahali taa ilipofungwa na jinsi ilivyolengwa ndivyo vyenye uzito.

Basi lenga taa zako. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, mita 5 kutoka ukutani, magurudumu yana upepo wa kutosha na mtu ameketi kwenye kiti cha dereva. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, kiwekee alama ukutani, kisha weka alama nyingine sentimita 10 chini yake. Mstari wa juu wa mwanga ukae kwenye alama hiyo ya pili. Skrubu ya kurekebishia huwa nyuma au chini ya taa. Izungushe polepole, maana nyingi ni za plastiki na hukatika. Taa iliyo sentimita 50 kutoka ardhini, ikilengwa hivyo, mwanga wake hugusa lami mita 25 mbele. Shika namba hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye mwendo.

Balbu ndiyo mahali fundi wa haraka anapoharibu. H8 ni ya wati 35, H11 ni 55, H16 ni 19, na zote tatu zinafanana kwa umbo. Zimetofautishwa kwa vijino vya kwenye kitako ili zisibadilishane. Duka likikosa H16, fundi anachukua H11, anakata kijino kwa tupa, inaingia. Ndani ya miezi michache kiakisi cha plastiki kimeungua, kioo kimekuwa cha moshi, na soketi imeyeyuka. Soma herufi zilizoandikwa kwenye taa yenyewe na ununue hiyo hiyo. Balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa ya halojeni nazo zina tatizo lake: chanzo cha mwanga hakikai pale uzi unaowaka wa balbu ya halojeni ulipokuwa, kwa hiyo ule mstari mkali wa juu unayeyuka na mwanga unapanda. Mwanga uliopanda kwenye ukungu ni ukuta uleule wa fulu. Ukitaka LED, nunua taa nzima iliyoundwa kwa LED.

Ukifunga taa mpya za mbele, usikubali waya upite moja kwa moja kwenye swichi. Balbu mbili za wati 55 huvuta karibu ampea 9, na swichi ya dashibodi itaungua. Weka rilei, yaani swichi ya umeme inayowashwa na ile ya dashibodi, na ufuate namba zilizoandikwa kwenye miguu yake: 30 itoke kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri, 87 iende kwenye taa, 86 itoke kwenye swichi, 85 ifungwe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Waya wa moto uwe wa milimita mraba 2.5. Swichi ichukue umeme kutoka taa ndogo, ili ukizizima na hizi zizimike. Jihadhari pia na madimbwi: taa ya halojeni iliyowaka muda mrefu huwa moto, na ikiingia ghafla kwenye maji baridi kioo chaweza kupasuka.

Sasa jambo ambalo madereva hulijua wakiwa wamechelewa. Katika ukungu, hatari kubwa inatoka nyuma.

Magari ya miaka ya karibuni yana taa za mchana, zile zinazowaka zenyewe ukiwasha injini. Katika mengi yao huwaka mbele tu. Dereva anatoka Nairobi saa kumi na mbili unusu asubuhi, swichi ya taa iko kwenye oto, gari lijiwashie taa lenyewe. Sensa ya oto inapima wingi wa mwanga, haipimi umbali unaoonekana. Ukungu wa asubuhi ni mweupe na unang'aa, kwa hiyo sensa inaona mchana na taa kubwa haziwaki. Dereva anaona weupe wa taa mbele yake, dashibodi inang'aa muda wote, anaamini kila kitu kimewaka. Nyuma, gari ni giza tupu.

Anafika Kinale, anapunguza mwendo hadi kilomita 40 kwa saa kama ipasavyo. Nyuma yake inakuja matatu kwa 80. Gari la kijivu ndani ya ukungu wa kijivu linaonekana zikiwa zimebaki mita 25. Tofauti ya mwendo wao ni mita 11 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kufikia breki inakula mita 17. Zimebaki 8, na kwenye lami iliyolowa zinahitajika kama 12 ili matatu ishuke hadi mwendo wa aliye mbele. Anagongwa, na anayegongwa hakuwa na kosa la mwendo. Alikosa kuzungusha swichi mara moja.

Kwa hiyo: ukungu ukianza, toa oto, washa dimu kwa mkono. Kabla ya safari washa taa zote, shuka, zunguka nyuma, ziangalie kwa macho yako. Na kama gari halina taa ya ukungu ya nyuma, funga. Taa ndogo ya nyuma ya kawaida ni wati 5. Ya ukungu ni wati 21, ndiyo maana inaonekana mapema zaidi. Moja inatosha, nyekundu, upande wa kulia kwa sisi tunaoendesha kushoto, kati ya sentimita 25 na mita 1 kutoka ardhini, na iwe zaidi ya sentimita 10 kutoka taa ya breki. Fundi asiiunganishe na taa za breki zenyewe. Zikiwaka muda wote, wa nyuma atajuaje kwamba umekanyaga?

Hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, ukiwa unatembea, acha. Zinameza indiketa, na wa nyuma anadhani umesimama. Ziwashe ukisimama, au mwendo unaposhuka ghafla mbele yako.

Mwendo: kwa 50, lami ikiwa na maji, kusimama kunachukua kama mita 40, kwa 80, zaidi ya 80. Rudi kwenye zile mita 25 za taa yako: hata 50 ni mwendo mkubwa mno. Usijibandike nyuma ya trela kwa kufuata taa zake. Akitoka nje ya barabara, mnatoka wote. Usipite lingine. Ukilazimika kusimama, toka kabisa kwenye lami, abiria washuke upande wa mbali na barabara, pembetatu ikae angalau mita 50 nyuma. Kwenye makutano zima redio, shusha kioo, sikiliza.

Na ukishuka kuelekea Naivasha jua likitoka, tazama dashibodi. Ile alama ya rangi ya chungwa ikiwa bado inawaka, izime hapo hapo: wati 21 machoni mwa anayekufuata humzuia kuona breki zako.