Kutuliza kichwa na vidole na bulongo, hata kama haujue kuchora

Yaya yangu anashonaka bikwembe kule Katuba, hapa Lubumbashi. Juzi alikwama: mteja alileta yadi 3 tu, anataka ile ua kubwa ikae katikati ya kifua, kitambaa haitoshi, na yaya usingizi ikapotea. Mi kazi yangu ni kupaka majina ya maduka ku ukuta, nikamwambia akuje siku ya mungu tucheze na rangi, kichwa itulie. Tulifanya hivi.

1. Telefone iende chumba ingine. Saa moja tu.

2. Rangi. Usinunue. Mi niko fundi wa rangi na ninakwambia usinunue, juu rangi ya mafranga unaiogopa kuharibu, na mwenye anaogopa kuharibu hachezi. Kamata bulongo ya kichuguu, ile yenye banafanyiaka matofali, saga, chunga na chujio ya chai, changanya na uji mwepesi ya unga ya muhogo yenye imeshapoa. Mayi peke yake hapana, ikikauka inabanduka yote. Ikuwe nzito sawa mtindi. Nyeusi ni makala ya kusaga. Karatasi mi siipendi, inakunjamana, kartoni ya biskuti inatosha.

3. Vidole. Pinso acha. Mu 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa atelie ya Hangar, wakati muji ilikuwa inaitwa Élisabethville, na hakutaka bachoraji baige picha za Ulaya, kila mumoja atafute namna yake. Mwenze Kibwanga akabakia na mistari midogo-midogo, Pilipili na samaki na ndege zake, na Bela, ye alikuwa anapaka na vidole. Kwa hiyo asikuambie mutu eti vidole ni ya batoto.

Sasa shida yenyewe, yenye ilinikulia miezi mingi: mukono inataka kuchora kintu. Unaanza na mistari ya bule-bule, dakika mbili tayari unaona iko sawa nyumba, unatia mulango, unatia dirisha, na kichwa imerudia kazi yake, eti mulango haijanyooka, eti nyumba yenyewe sijalipa mwezi huu. Ukiona kintu kinatoka, geuza kartoni kichwa chini, endelea. Kikitoka tena, pakala juu yake. Tumia mukono wenye haujazoea. Lakini usifunge macho kama vile bengine banashauri, mi nilijaribu, nikahesabu madeni yangu yote mu giza. Karibu dakika kumi utasikia uchovu, unapoteza saa bule. Usisimame hapo! Kwangu utulivu haijafika hata siku moja mbele ya ile uchovu, inafikaka kisha. Yaya alikasirika kabisa, akaniuliza kama nimemuita kuchezea potopoto na ye ni mama wa watu, akasimama, akakaa tena, akanyamaza, nikasikia paka vidole ku kartoni. Batoto bakikuja, bape kartoni yabo. Mukubwa mwenye anakuja kuuliza "hii ni nini?", mutoshe pale, kwa heshima.

4. Acha ikauke.

5. Simamisha kartoni kichwa chini ku ukuta, rudi nyuma hatua tano, macho nusu. Usitafute maana. Jiulize paka jicho inaingilia wapi na inatokea wapi. Yaya akasema yake inaingilia ku pembe. Akabeba mukoba wake, akaenda.

Kesho yake ananipigia: ile ua ameitosha ku kifua, ameipandisha ku bega moja, nusu inaangukia mugongo, yadi 3 imetosha na kipande ya kufunga kichwa imebakia. Mteja alilalamika kidogo kisha akalipa. Haitokeaka hivi kila mara, mara ingine unatoka na kartoni ya matope na usingizi muzuri, basi.

6. Kunawa. Bulongo inajificha chini ya kucha, pita na ndimu na mswaki ya zamani. Na ile uji yenye imebaki usiimwange mu bomba la jikoni, imwange inje. Mi nililipa fundi juu ya ile.