Kutunza Helikoni ya Shaba kwenye Hewa ya Chumvi ya Tanga

Kwanza usiing'arishe helikoni, tarumbeta hilo kubwa la bendi. Mkono wa mtu wa pwani ukishika shaba iliyofifia hutafuta ukwaju, ndimu au majivu, na kwa sinia la nyumbani hakuna neno. Kwa chombo cha makumbusho ni hasara. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asidi ya ndimu ikichanganywa na chumvi hushambulia zinki kwanza, na panabaki madoa ya waridi ambayo hayarudi. Dawa za dukani za kung'arishia zina unga unaokwangua, nyingine zina amonia. Kila ukisugua, chapa ya fundi aliyeitengeneza huzidi kufutika.

Helikoni ni tarumbeta la besi lililokunjwa duara. Mpigaji hulivaa: kichwa na mkono mmoja hupita katikati, uzito hukaa begani. Ilianzia Vienna mwishoni mwa miaka ya 1840, ikaenea katika bendi za jeshi za Austria na Ujerumani kwa sababu inapigika mtu akiwa anatembea au yuko juu ya farasi. Tanga ilitawaliwa na Mjerumani, na ngoma ya beni iliyoiga bendi za jeshi, ile ya vikundi shindani vya Marini na Arinoti, ilikuwa na watu wake hapa. Kwa hiyo alama ya kikundi iliyochorwa kwa msumari kwenye shaba nayo ni historia. Ipige picha, iandike kwenye daftari, usiiguse.

Vaa glavu za naitraili kabla ya kuishika, maana jasho lina chumvi. Kagua mchana karibu na dirisha. Kahawia laini ni ngozi ya shaba yenyewe, iache. Kijani kigumu kilichoshikamana hakina haraka. Cha kutisha ni kijani kilichopauka, cha ungaunga, kinachodondoka ukikigusa kwa brashi: hiyo ni chumvi ya bahari inayoendelea kula shaba kila unyevu unapopanda. Unga mweupe kwenye maungio yaliyolehemiwa unatokana na madini ya risasi yaliyomo kwenye lehemu, na husababishwa mara nyingi na mvuke wa asidi wa kabati la plaiwudi. Ni sumu, vaa barakoa.

Angalia pia nyufa nyembamba kwenye mikunjo, hasa kama chombo kilikaa chini ya dari lenye popo. Mkojo wa popo hutoa amonia, na amonia ikikutana na shaba iliyokunjwa kwa nguvu huipasua bila kuipiga. Jeshi la Uingereza huko India liliona maganda ya risasi yakipasuka stoo wakati wa mvua za monsuni, na chanzo kilikuwa amonia ya mazizi ya farasi. Nyumba za mawe za Tanga na Bagamoyo zina popo wa kutosha, basi ziba dari kabla hujanunua kabati.

Vumbi liondoe kwa brashi laini, huku bomba la mashine ya kufyonza likiwa karibu na limefungwa kitambaa cha wavu mdomoni, ili skrubu iliyolegea isimezwe. Kazi ya maji ifanye Januari au Februari, kabla ya masika. Usiitumbukize helikoni ndani ya maji wala usiimwagie. Yakiingia kwenye mabomba hayatoki yote. Chukua maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa duka la spea kwa ajili ya betri, na soma chupa vizuri kwani pembeni yake huwekwa asidi ya betri. Lita moja, matone mawili au matatu ya sabuni isiyo na manukato. Pamba kwenye kijiti iwe na unyevu tu, sehemu ndogo kwa zamu. Suuza kwa pamba yenye maji matupu, kausha papo hapo kwa kitambaa na feni, si kwa jua. Spiriti usiitumie mpaka ujaribu mahali pasipoonekana, kwa kuwa vanishi nyingi za zamani huyeyuka nayo.

Valvu ndizo zinazoponza wengi. Helikoni za Kijerumani kwa kawaida zina valvu za kuzunguka, tatu au nne: ndani ya kasha kuna rota inayogeuka robo duara na kufungua bomba la ziada. Nafasi kati ya rota na kasha ni finyu mno, utando kidogo wa kijani unatosha kuikwamisha. Bonyeza kidude cha valvu kwa ncha ya kidole. Kikikataa, acha. Ukilazimisha, utakipinda au utakata uzi unaovuta rota. Kuifungua ni kazi ya fundi wa tarumbeta: hutoa kifuniko cha nyuma, kisha hugonga ekseli kwa nyundo ya mbao huku mkono ukipokea chini bamba linaloshika rota. Rota ya kwanza haiingii kasha la pili, na mstari wa bamba lazima ukutane na mstari wa kasha, la sivyo inagoma. Uzi wa zamani uweke kwenye mfuko wenye lebo, hata kama umeoza.

Usiipulize kusikia sauti. Pumzi huacha maji na mate ndani, na huwezi kuyafikia.

Mahali pasipo na kijani cha unga, paka nta ya kuhifadhia metali safu nyembamba, ngoja ikauke, kisha futa kwa pamba. Ilaze helikoni juu ya sponji ya polithini, ikishikwa sehemu tatu za duara, kamwe si kwa mdomo wake mpana. Kiyoyozi kinachozimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana unyevu hupanda na kushuka. Afadhali hema la nailoni nene lililofungwa vizuri, na ndani yake chembe za silika zinazofyonza unyevu, na kipima unyevu. Ukiona kijani cha unga, shusha unyevu chini ya asilimia 42. Kwa kabati za maonyesho kipimo kinachotumika sana ni kilo 20 za silika kwa mita moja ya ujazo. Silika ya rangi ya chungwa ikipauka, ioke nyuzi 110 kwa saa kadhaa na uiache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa kabla ya kuirudisha.