Namna ya Kuitembelea Maskati Meli Inapofunga Gati kwa Siku Moja

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaoshuka melini Maskati, mji mkuu wa Omani, katika miezi ya Oktoba hadi Aprili ambapo jua huwa limepungua ukali. Wengi wao huanza na soko la Muttrah kwa sababu liko karibu na lango la bandari, na kufikia wakati wanapoukumbuka Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, milango yake imekwisha kufungwa. Mimi mwenyewe, katika msimu wangu wa kwanza, nilimfikisha hapo mama mmoja mzee dakika kumi baada ya muda, naye alikuwa ameungojea msikiti huo safari nzima. Tangu siku hiyo huanza na kilicho mbali, kisha hurudi nikiikaribia meli.

Hatua ya kwanza ni ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Andika saa ya mwisho ya abiria kurejea melini, ambayo hutangulia saa ya kuondoka, na uhakikishe kwamba saa yako inalingana na ya melini. Angalia pia siku: Ijumaa msikiti haupokei wageni wasio Waislamu, na maduka mengi ya sokoni hayafunguliwi asubuhi, hivyo siku hiyo anza na ngome za Maskati ya kale, zilizo katika hatua ya tano.

Pili, vaa nguo ya kusitiri mikono na miguu. Wanawake wabebe mtandio wa kufunika nywele zote, kwani walinzi wa msikiti hukagua kwa makini.

Tatu, panda basi la bandarini hadi langoni, kwa kuwa hairuhusiwi kutembea kwa miguu gatini. Nje ya lango utakuta teksi; patana nauli kabla ya kupanda, na useme wazi kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Rial moja, fedha ya Omani, ina baisa 1,000, kwa hiyo 5.500 ni rial tano na nusu.

Nne, nenda moja kwa moja msikitini, ambako wageni hupokewa kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Msikiti huu ulifunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi mkuu, lenye urefu wa mita 70 na upana wa mita 60, lilifumwa kwa mkono na wanawake wa Iran kwa miaka kadhaa. Simama pembeni kwa utulivu ulitazame, kisha inua macho uione taa kubwa iliyo juu yake.

Tano, mwombe dereva akurudishe kupitia Maskati ya kale. Kasri la Al Alam, la Sultani wa Omani, hutazamwa kwa nje tu, lakini ngome za Jalali na Mirani zilizolizunguka zinamhusu msomaji wa pwani yetu: Waomani waliowatoa Wareno hapa mwaka 1650 ndio walioiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698.

Sita, malizia sokoni kabla ya saa 7 mchana, maana maduka mengi hufungwa hadi alasiri. Nunua ubani wa Dhofar, eneo la kusini mwa Omani. Chagua vipande vyeupe vinavyoelekea ukijani, vinavyopitisha mwanga ukivinyanyua. Vya hudhurungi na vyenye vumbi ni vya daraja la chini, hata kama muuzaji anavisifu. Onja halua kabla ya kununua. Usione haya kusalimia kwa Kiswahili, kwa sababu familia nyingi za Maskati zimewahi kuishi Zanzibar na bara, na mara nyingi salamu hiyo hujibiwa kwa kikombe cha kahawa.

Mwisho, uwe langoni saa moja kabla ya muda ulioandika, ukiwa na kadi yako ya meli mkononi, kwani foleni ya basi hurefuka sana alasiri.